Namna ya Kuoanisha Miamba ya Kale ya Bahari kwa Isotopu za Kaboni: Mwongozo kwa Wanajiolojia wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu aliyejifunzia jiolojia Mbeya huanza kazi hii, ya kutambua miamba ya mahali tofauti iliyojengeka wakati mmoja, akiwa na upungufu mmoja ambao si kosa lake: karibu kila jiwe lenye kaboni alilolizoea halikutoka baharini. Mawe yenye mistari yanayochimbwa katika bonde la Songwe, ambayo wengi wetu huyaita marumaru, ni travatini iliyoachwa na maji ya chemchemi za moto. Kilima cha Panda, jirani na hapo, ni kabonataiti, yaani mwamba wa kabonati uliopanda ukiwa umeyeyuka kutoka chini ya ganda la dunia. Makaa ya mawe ya Kiwira yalitokana na mimea iliyoota nchi kavu na vinamasini katika enzi ya Karoo, na marumaru halisi, yale yaliyomo ndani ya miamba geu, yamepitia joto na mgandamizo mkubwa mno kiasi kwamba hali yake ya awali ni ya kutafutwa kwa taabu.

Ninaanzia kwenye mawe haya ya nyumbani kwa sababu kila moja, likipimwa, linaweza kutoa namba inayofanana na namba ya bahari. Anayejua ni kwa nini namba hizo zinafanana, na ni kwa ushahidi gani zinatenganishwa, amekwisha kuielewa sehemu ngumu zaidi ya kazi hii. Sehemu iliyobaki ni subira, vipimo vilivyoandikwa vizuri na uangalifu wa mikono.

Kinachopimwa

Watu wengi wakisikia kaboni na umri wa vitu hufikiria kaboni-14. Hiyo huoza, na nusu ya kiasi chake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo katika mwamba wa miaka mamilioni haimo tena. Tunachotumia hapa ni isotopu mbili thabiti: kaboni-12, ambayo ni karibu asilimia 98.9 ya kaboni yote, na kaboni-13, yenye nyutroni moja zaidi, ambayo ni kama asilimia 1.1. Hazipungui kwa kupita kwa wakati na kwa hiyo hazitoi umri zenyewe. Zinachotoa ni alama ya hali ya bahari siku ile mashapo yalipotua, na alama hiyo hubaki ndani ya mwamba endapo mwamba haukuharibiwa baadaye.

Kipimo huandikwa δ13C, nacho hueleza uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12 katika sampuli umezidi au umepungukiwa kwa sehemu ngapi kwa elfu (‰) ukilinganishwa na kipimo rejea. Rejea inayotumika leo huitwa VPDB, jina ambalo asili yake ni visukuku vya belemnaiti kutoka matabaka ya Pee Dee, South Carolina, nchini Marekani. Thamani ya +4‰ ina maana kwamba uwiano katika sampuli umeizidi rejea kwa sehemu 4 katika kila 1,000, na −4‰ ni kinyume chake.

Ili kuelewa tofauti hizo zinatoka wapi, ingia katika shamba lolote la Uyole mwezi wa Februari, ambako mahindi na maharage yamepandwa pamoja. Jani la hindi likipimwa litatoa karibu −12‰, na jani la haragwe linalogusana nalo, katika udongo ule ule na hewa ile ile, litatoa karibu −27‰. Mimea yote miwili hupendelea kaboni-12 kwa kuwa ni nyepesi na huingia upesi katika kazi ya usanisinuru, lakini haragwe huibagua kaboni-13 kwa ukali zaidi kuliko hindi, ambalo lina njia yake ya kukusanya hewa ya ukaa kabla ya kuitumia. Mwani wa baharini nao hubagua. Ukifa na kuzikwa chini ya tope kabla haujaoza, kaboni nyepesi huondoka katika mzunguko, na maji yanayobaki huwa na kaboni-13 kwa wingi zaidi. Kabonati inayojengeka ndani ya maji hayo, iwe ganda la kiumbe au tope laini la chokaa, huirithi hali hiyo.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuifanya kwa kalamu walau mara moja. Tuseme kaboni inayoingia baharini kutoka volkano na mito ina wastani wa −5‰, na tofauti kati ya kabonati na mabaki ya viumbe ni 25‰. Ikiwa asilimia 20 ya kaboni inazikwa kama mabaki ya viumbe, kabonati itakuwa na 0‰. Maziko hayo yakipanda hadi asilimia 30, kabonati itafika +2.5‰. Kinyume chake, kaboni nyepesi ikirudishwa kwa ghafula katika hewa na bahari, kabonati hushuka.

Njia hii inafaa kuoanisha miamba ya mabara tofauti kwa sababu ya mwendo wa bahari yenyewe. Maji ya bahari kuu huchanganyika kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi kidogo, ilhali kaboni iliyoyeyuka humo hukaa, kwa kipimo cha mzunguko mrefu, kama miaka 100,000. Kwa hiyo badiliko kubwa la kaboni huenea duniani kote kabla halijafutika, na tope la pwani ya Afrika Mashariki huandika habari ile ile iliyoandikwa na tope la Italia.

Kuchagua swali kabla ya kuchagua jiwe

Usiende uwandani ukitafuta mchepuko wowote, yaani kupanda (chanya) au kushuka (hasi) kwa δ13C katika mfuatano wa matabaka, utakaojitokeza. Amua kwanza ni kipindi gani unachokifuatilia, kisha tafuta visukuku vinavyokiwekea mipaka. Michepuko iliyo imara katika maandiko inajulikana: ule chanya wa mwisho wa Ordovisi, miaka milioni 445 hivi iliyopita, ule chanya wa Kambria ya mwisho, unaofika +4 hadi +5‰, ule hasi wa mpaka wa Pemiani na Triasi, miaka milioni 252 iliyopita, ule chanya wa Kretasi, miaka milioni 94 iliyopita, wa kiasi cha 2‰ hivi, na ule hasi wa mpaka wa Paleosini na Eosini, miaka milioni 56 iliyopita, unaokaribia 3‰ katika kabonati nyingi za bahari kuu. Barani kwetu upo pia mkubwa kuliko yote hiyo, unaoitwa Lomagundi kwa jina la wilaya ya Zimbabwe, ambako kabonati za zaidi ya miaka bilioni 2 zilikutwa zikifika karibu +10‰ na kuzidi.

Kwa Mtanzania, mahali pa kuanzia ni Kundi la Kilwa, matabaka ya udongo wa mfinyanzi na tope la bahari yanayoenea pwani ya kusini, Kilwa hadi Lindi, kuanzia Kretasi ya mwisho hadi Oligosini. Kutoka Mbeya unaweza kufika huko kwa lami kupitia Njombe, Songea, Tunduru na Masasi. Matabaka yale ni laini, na kwa juu jua na mvua vimeyaozesha kwa mita kadhaa. Ndiyo sababu Mradi wa Uchorongaji Tanzania, unaojulikana kwa kifupi TDP, ulichoronga visima kuanzia mwaka 2002 ili kupata nguzo za mwamba ambao haujaguswa na hewa. Foraminifera, yaani viumbe wadogo sana wa bahari wenye ganda, waliotoka humo wamehifadhika vizuri kiasi cha kung'aa kama kioo chini ya hadubini, jambo ambalo ni adimu duniani. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya ukuta wa barabara na nguzo iliyochorongwa, chagua nguzo.

Kupima na kuchukua sampuli

Panga safari kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wakati kuta za mawe zimekauka na korongo zinapitika. Ukifika, tembea eneo lote kwanza bila kugonga jiwe. Tafuta nyufa zilizosogeza matabaka, maana tabaka lililorudiwa na ufa litakupa mchepuko mmoja mara mbili, na tabaka lililokatwa litauficha. Kisha pima mwinamo wa matabaka na upande unakoelekea, na upime unene halisi kwa fimbo ya mita 1.5 iliyofungwa kipimapembe kilichowekwa kwenye nyuzi za mwinamo huo. Unene uliopimwa kwa kuburuta futi kamba juu ya mteremko si unene wa tabaka, na kosa hilo litapotosha mchoro wako wote.

Umbali kati ya sampuli na sampuli hautokani na mazoea bali na kasi ambayo mashapo yalijikusanya. Chukua mfano wa mpaka wa Paleosini na Eosini, ambao mchepuko wake ulidumu kwa takriban miaka 200,000. Mahali ambapo mashapo yalikuwa yakiongezeka kwa sentimita 2 kila miaka 1,000, tukio lote litakuwa na unene wa mita 4, na sampuli kila nusu mita zitakupa nukta 8, ambazo zinatosha kuonyesha umbo. Mahali ambapo kasi ilikuwa milimita 2, tukio lile lile limebanwa ndani ya sentimita 40, na mwenye kuchukua sampuli kila mita atalipita bila kujua. Ninapendekeza safari mbili endapo fedha zinaruhusu: ya kwanza kwa hatua pana, ya pili kwa hatua fupi pale ambapo mstari umeanza kusogea.

Katika kila kituo, vunja ganda lililobadilika rangi hadi upate jiwe bichi, kisha chukua kipande cha ukubwa wa ngumi. Tafuta chokaa laini ya chembe ndogo, ya kijivu, isiyo na mng'ao. Epuka mishipa myeupe ya kalisaiti (madini yanayojenga chokaa), epuka kona za ufa ambako maji yamepita, na usichanganye kombe kubwa na tope lililolizunguka, kwa kuwa viumbe vingine hujenga ganda lisilolingana na maji waliyoishi. Katika matope ya Kilwa, ambako kazi hufanyika kwa foraminifera, kanuni ni kuchagua spishi moja na ukubwa mmoja wa chekeche kutoka chini hadi juu, hata kama kufanya hivyo kutakuachia sampuli chache.

Kuhusu alama nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza kazi ya siku tatu. Katika safari yangu ya kwanza ya pwani niliandika namba kwa kalamu ya wino juu ya mifuko ya nailoni, nikaipanga ndani ya masanduku, nikaridhika. Tulipoyafungua Mbeya, mifuko ilikuwa imesuguana njia nzima, na 11 kati yake haikuwa na herufi hata moja. Zote zilikuwa za katikati ya sehemu niliyoifuata, na hapakuwa na namna ya kuzirudisha katika mpangilio wake. Tangu hapo, kila jiwe nalipaka doa la rangi na kuandika namba juu ya jiwe lenyewe, pamoja na mshale unaoonyesha upande wa juu. Ndani ya mfuko naweka kadi iliyoandikwa kwa penseli, ikiwa katika kimfuko chake. Na namba ile ile inaandikwa katika daftari pamoja na urefu kutoka chini, aina ya mwamba na picha. Rekodi tatu kwa jiwe moja huchukua dakika mbili.

Kutoka jiwe hadi namba

Kata jiwe kwa msumeno, lisafishe, na lichunguze uso uliokatwa kwa lenzi. Nusu moja itengenezwe kipande chembamba cha hadubini. Kwenye nusu ya pili, tumia keekee ndogo yenye ncha ya milimita 1 au 2, uizungushe polepole ili isipashe unga joto, na utoe miligramu chache tu kutoka mahali ulipopachagua. Safisha ncha kwa asidi hafifu kisha kwa spiriti kabla ya kugusa jiwe jingine. Unga mchache uliobaki kwenye ncha unatosha kuipaka sampuli inayofuata thamani isiyo yake.

Maabara hufanya yafuatayo. Unga huchanganywa na asidi ya fosforiki katika chombo kisicho na hewa, mara nyingi kwa nyuzi joto 70 za Selsiasi, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka hupelekwa katika spektromita ya masi, ambayo hutenganisha molekuli zenye uzito wa 44, 45 na 46. Oksijeni hupimwa wakati huo huo bila gharama ya ziada, nawe utaihitaji. Dolomiti, kabonati yenye magnesi, huyeyuka polepole kuliko kalisaiti, hivyo waeleze mapema kama unashuku ipo. Dai upewe pia matokeo ya sampuli rejea zilizopimwa siku ile ile: ile inayoitwa NBS 19, kwa mfano, inatakiwa kusoma +1.95‰ kwa kaboni. Kosa la kipimo likizidi 0.1‰, uliza sababu. Sampuli zikienda maabara ya nje ya nchi, fuatilia kibali cha kuzisafirisha miezi kadhaa kabla, si wiki.

Kwa kaboni ya mabaki ya viumbe, kabonati yote huyeyushwa kwanza kwa asidi ya hidrokloriki, masalia huoshwa hadi asidi iishe, hukaushwa, kisha huchomwa katika mashine. Kazi hii huongeza gharama, lakini iombe walau kwa theluthi moja ya sampuli zako, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Namba zinazodanganya

Sasa turudi nyumbani. Maji ya chemchemi za moto yanapofika juu ya ardhi hupoteza gesi ya ukaa kwa haraka, na inayotangulia kutoroka ni ile yenye kaboni-12. Kwa hiyo travatini za aina hiyo mara nyingi husoma thamani chanya, hata +5‰, bila bahari wala maziko yoyote ya mwani. Kabonataiti kwa kawaida husoma kati ya −4 na −8‰, ambayo ni rangi ya kaboni itokayo chini ya ganda la dunia. Marumaru iliyopashwa joto pamoja na madini ya silika hutoa gesi yenye kaboni-13 nyingi, na kinachobaki hushuka. Ukizipanga namba za mawe haya matatu juu ya karatasi bila kueleza zimetoka wapi, utapata mchoro mzuri wenye mchepuko chanya na mchepuko hasi, nao hauna maana yoyote ya wakati.

Katika miamba ya bahari yenyewe, mdanganyifu mkubwa ni maji ya mvua. Bahari inapopungua, tope la chokaa hubaki wazi na mimea huota juu yake. Mvua inayopenya udongo huo hubeba gesi iliyotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, na gesi hiyo, kama lilivyo lile jani la haragwe, ni nyepesi mno. Maji hayo huyeyusha chokaa na kuijenga upya yakiiachia kaboni yake. Matokeo ni mteremko wa δ13C unaozidi kuwa hasi kadiri unavyokaribia uso uliokuwa wazi, na wenye kukoma ghafla juu yake. Umbo hilo linaweza kumfurahisha mtu aliyesafiri kilomita mia nyingi akitafuta mchepuko hasi. Kabla ya kufurahi, rudi ukutani uangalie kama juu ya nukta ya chini kabisa kuna alama za mizizi, udongo mwekundu wa kale, au uso uliotobolewa na maji.

Wadanganyifu wengine hukaa ndani ya tope lenyewe. Bakteria wanaooza mabaki ya viumbe chini ya sakafu ya bahari huachia kaboni nyepesi, na kalisaiti inayojazia nafasi hapo husoma hasi. Chini zaidi, wale wanaotengeneza gesi ya methani huiacha kaboni nzito nyuma, na vidonge vya kabonati vinavyoota humo huweza kusoma zaidi ya +10‰. Ndiyo maana sichukui kamwe sampuli kutoka kwenye vidonge vigumu vilivyomo ndani ya udongo laini, hata kama ndiyo kabonati pekee inayoonekana.

Vipimo vya kuwakamata viko vinne, na hakuna kimoja kinachotosha. Cha kwanza ni oksijeni: δ18O, ambayo kwa oksijeni ni kama δ13C kwa kaboni, iliyo chini ya −10‰ katika miamba ya zama za karibu inatia shaka, na ikiwa kaboni na oksijeni zinashuka pamoja kwenye mchoro mmoja, fikiria maji ya mvua au joto. Cha pili ni madini: maji yaliyopita baadaye huongeza manganizi na kuondoa stronti, kwa hiyo uwiano wa manganizi kwa stronti unaopanda pamoja na mchepuko ni ushahidi dhidi yako. Cha tatu ni hadubini, ambayo itakuonyesha kama chembe za awali bado zipo au zimegeuka fuwele kubwa. Cha nne, ambacho ninakiamini kuliko vyote, ni kaboni ya mabaki ya viumbe: ikiwa bahari yenyewe ndiyo iliyobadilika, kabonati na mabaki ya viumbe vitasogea pamoja kwa upande mmoja, ilhali maji ya mvua huigusa kabonati na kuyaacha mabaki ya viumbe yalivyo. Hata hivyo, yapo mambo ambayo bado yanashindaniwa na wataalamu wenye vipimo vyote hivi. Mchepuko wa Shuram wa Oman, unaoshuka hadi karibu −12‰, umejadiliwa kwa miaka mingi kama ni habari ya bahari au ni habari ya mwamba kubadilika baada ya kuzikwa.

Nukta inayoshindwa vipimo hivi isifutwe. Ichore kwa alama tofauti, na sababu iandikwe.

Kuoanisha

Chora urefu wa tabaka upande wa wima na δ13C upande wa mlalo, ukiweka nukta zote mbichi kabla ya mstari wowote wa wastani. Mchoro wa eneo la pili uchore kwenye karatasi inayopenya mwanga, uuweke juu ya wa kwanza, na uusogeze kwa mkono. Programu za kompyuta hufanya kazi hii kwa haraka, lakini mkono hukulazimisha kuona pale unapovuta zaidi ya inavyostahili.

Anza na nguzo za umri, yaani alama za wakati zisizotegemea kaboni: kisukuku kinachotoweka, badiliko la usumaku wa dunia, tabaka la majivu ya volkano lenye fuwele za zikoni zinazotoa umri kwa urani na risasi. Hizo zikishafungwa, ndipo umbo la mstari litumike kujaza katikati. Sababu ni kwamba mchepuko hasi wa 3‰ hauna sura yake pekee: ule wa Jurasiki ya miaka milioni 183 iliyopita na ule wa miaka milioni 56 unaweza kufanana machoni, na ni visukuku tu vitakavyosema uko wapi.

Kisha linganisha mwanzo, kilele, mwendo wa kurudi na mwisho, kila kimoja peke yake. Usitegemee ukubwa wa namba, maana ghuba iliyojifunga huweza kuukuza au kuupunguza, bali tegemea mfuatano. Mwanzo mkali upande mmoja na mwanzo wa taratibu upande wa pili unaweza kumaanisha tofauti ya kasi ya mashapo, na unaweza pia kumaanisha kwamba pale penye ukali kuna pengo, tabaka lililosombwa kabla halijazikwa. Angalia mwamba wenyewe pale mstari unaporuka. Baada ya hapo fanya jaribio ambalo wanafunzi wangu hulichukia mwanzoni: chagua tukio jingine ambalo unaamini si lenyewe, na ujitahidi kwa uaminifu kulioanisha na data zako. Likiingia vizuri sawa na lile ulilolichagua, huna uoanishaji bado. Una michoro miwili inayofanana.

Mfano wa uoanishaji unaosimama ni mpaka wa Paleosini na Eosini. Mahali pake pa rejea kwa dunia nzima pako Dababiya, karibu na Luxor nchini Misri, na palipitishwa mwaka 2003. Mpaka wenyewe umewekwa pale ambapo mchepuko hasi wa kaboni unaanza. Kwetu, tukio hilo hilo limesomwa katika kisima cha TDP namba 14 huko Kilwa, ambako visukuku vya bahari viliweka mipaka ya umri, na mchepuko ukaonekana pia katika nta ya majani ya mimea ya nchi kavu iliyosombwa na mito hadi baharini. Nta ile haikujengwa na maji ya bahari, na maji ya mvua hayawezi kuibadilisha kama yanavyobadilisha kalisaiti, kwa hiyo nguzo moja ya mwamba inabeba shahidi wa nchi kavu na shahidi wa bahari kwa pamoja.

Ushahidi wa namna hii ndio unaotupa sisi wa Nyanda za Juu Kusini sehemu katika kazi hii. Matabaka ya Karoo ya Kiwira na ya bonde la Ruhuhu hayana bahari, lakini mimea yake ilivuta hewa iliyokuwa ikibadilishana kaboni na bahari za Pemiani, na mchepuko hasi wa mwisho wa enzi hiyo umesomwa katika mabaki ya mimea ya nchi kavu katika sehemu mbalimbali za dunia. Anayetaka kujaribu hapa nyumbani atumie kaboni ya mimea peke yake, atenganishe mbao, majani na nta badala ya kuvichanganya, na aifunge kwanza kwa chavua na visukuku vya wanyama kabla ya kunyoosha mstari wowote kuelekea baharini.

Katika ripoti, weka jedwali lote la namba, pamoja na zile ulizozitilia shaka, na utaje kwa sentensi iliyo wazi ni nguzo zipi zisizo za kaboni ambazo uoanishaji wako umeegemea. Nusu ya kila jiwe iwekwe katika sanduku kavu, ikiwa na doa lake la rangi, mshale wake na kadi yake ya penseli, na namba ya sanduku iandikwe katika jedwali lile lile, ili atakayetilia shaka nukta ya mita 14.5 aweze kuichonga upya mahali palepale ulipoichonga wewe.